Asilimia ya Nini? Mwongozo wa Kubishana Kuhusu Teknolojia na Sera Ukatoka na Kitu

Kila Juni, mawaziri wa fedha wa Kenya, Uganda na Tanzania wakishasoma bajeti, simu huanza kuwaka. Kundi la ukoo, kundi la kikoba, kundi la waliosoma pamoja: kote ni makato, bei ya bando, kitambulisho kipya. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo watu wana siku chache tu za kujua kitakachowapata, na katika siku hizo uzushi hukimbia kuliko Gazeti la Serikali.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuingia kwenye ubishi wa aina hiyo na kutoka akiwa anajua zaidi ya alivyoingia. Mfano mkuu nitakaoutumia ni makato ya serikali kwenye miamala ya simu. Nchi zetu tatu zimeyajaribu kwa njia tatu tofauti, kila mtu anayajua kupitia mfuko wake, na karibu makosa yote ya kufikiri tunayoyafanya tukijadili teknolojia na sera yamefanyika hapo hadharani. Hatua hazina uzito sawa. Ya pili ndiyo ninayoishikilia kuliko zote, na msomaji akiishia hapo sitamlaumu.

Hatua ya 1: Ivue habari nguo hadi ibaki sentensi moja

Chukua ujumbe huu. Nimeutunga, lakini ndugu zake umeshawapokea:

"TUMEUZWA!!! Kuanzia Jumatatu serikali inakata asilimia 15 kila ukituma pesa. Wao wameshiba. Tuma kwa watu kumi kabla haijafutwa."

Humo mna hasira, mna tuhuma, mna agizo la kusambaza, na mna dai moja tu. Hasira yenyewe si kosa. Mtu anaweza kuwa amefura na bado akawa anasema kweli. Ila hasira haikaguliki. Kinachokagulika ni dai, kwa hiyo lichomoe uliandike pembeni kwa maneno ya kawaida: serikali itakata asilimia 15 mtu akituma pesa.

Sasa liulize maswali sita. Nani anakata? Kiasi gani? Cha nini? Kwa nani? Kuanzia lini? Kwa karatasi gani? Ujumbe wetu umejibu "nani" na "kiasi gani". "Lini" umeijibu nusu, maana Jumatatu isiyo na tarehe ni Jumatatu yoyote, na ujumbe wa hivi huzunguka hata miaka miwili ukiwa na Jumatatu ileile. "Kwa nani" haueleweki: anayetuma au anayepokea? Kuhusu "cha nini" na "karatasi gani" umenyamaza kabisa. Mara nyingi kilichonyamaziwa ndicho chenye jibu.

Hatua ya 2: Uliza asilimia ya nini

Hapa ndipo watu wenye akili zao timamu hugombana usiku kucha bila sababu.

Nchini Kenya, Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilipandisha ushuru wa bidhaa kwenye huduma za kutuma pesa kwa simu kutoka asilimia 12 hadi 15. Kwa hiyo namba 15 kwenye ujumbe wetu haikutoka hewani, na ndiyo maana unaaminika. Lakini asilimia hiyo inahesabiwa kwenye ada inayotozwa na kampuni, haiigusi pesa unayotuma. Tufanye hesabu ya mfano. Unatuma shilingi 1,000, na ada ya kampuni kabla ya ushuru tuiweke shilingi 20. Ushuru wa asilimia 15 ni shilingi 3. Ulipokuwa asilimia 12 ulikuwa shilingi 2 na senti 40. Ongezeko ni senti 60. Kama ujumbe ungekuwa sahihi, ungekatwa shilingi 150. Kati ya senti 60 na shilingi 150 kuna tofauti ya mtu kununa na mtu kuandamana.

Uganda walikwenda njia nyingine. Julai 2018 waliweka kodi ya asilimia 1 ya thamani ya muamala wenyewe. Kelele zikawa nyingi, na Novemba mwaka huohuo ikashushwa hadi nusu asilimia, tena kwa pesa inayotolewa tu. Ukitoa shilingi 100,000 za Uganda, kodi ni shilingi 500. Nusu asilimia inasikika kama si kitu mbele ya asilimia 15, sivyo? Lakini ipeleke kwenye mfano wetu: katika kila 1,000, nusu asilimia ya pesa yenyewe ni 5, wakati asilimia 15 ya ada ya 20 ni 3. Namba ndogo imeuma zaidi kwa sababu imekaa juu ya kitu kikubwa.

Tanzania haikutumia asilimia kabisa. Tozo iliyoanza tarehe 15 Julai 2021 ilipangwa kwa madaraja: kuanzia shilingi 10 hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, kulingana na ukubwa wa pesa, wakati wa kutuma na wakati wa kutoa. Kijiweni wakatokea wasemaji wawili. Mmoja anasema "wanakata elfu kumi", mwingine anajibu "acha uongo, ni shilingi kumi tu". Wote wawili walikuwa na sheria upande wao, na wote wawili walikuwa wanapotosha, kwa sababu kila mmoja alishika ncha ya jedwali iliyomfaa. Ukikutana na ubishi wa namna hii, achana na ncha zote mbili. Chukua kiasi ambacho wewe au mama yako kijijini mnatumiana kweli, kitafute kwenye jedwali, soma mstari huo. Kisha kumbuka kwamba pesa ileile ilikatwa mara mbili, mtumaji akituma na mpokeaji akienda kwa wakala kutoa, na kwamba ada ya kampuni iko palepale pembeni. Hilo jedwali halikuambii kwa sauti, inabidi ulijumlishe mwenyewe.

Swali hili linafaa mbali na makato pia. Ukisikia idadi ya "watumiaji wa simu", uliza kama ni watu au ni laini, maana mwenye laini tatu anahesabiwa mara tatu na watoto wake wasio na simu hawaonekani. Ukisikia Bwawa la Nyerere, lile la kuzalisha umeme Tanzania, lina megawati 2,115, huo ni uwezo wa mitambo yake tisa ya megawati 235 kila mmoja. Namba hiyo inajibu swali la umeme unaoweza kuzalishwa. Haijibu kwa nini mtaa wenu umelala gizani jana, jambo ambalo linaweza kuwa la nyaya, transfoma au kituo cha kupozea umeme. Anayetetea serikali kwa megawati na anayeishambulia kwa giza la mtaani wanaweza wote kuwa wakweli, na hawajakutana bado.

Hatua ya 3: Tafuta karatasi, halafu tazama tarehe

Kuna hotuba, kuna muswada, kuna sheria, kuna kanuni za waziri, kuna hukumu. Vitu vitano, na kila kimoja kina nguvu yake. Kosa la kawaida ni kupiga picha kimoja na kukiita kingine.

Mfano wa mkate ni mzuri. Muswada wa Fedha wa Kenya wa mwaka 2024 ulikuwa kweli na pendekezo la kuutoza mkate VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16. Tarehe 18 Juni ikatangazwa kwamba pendekezo hilo limeondolewa. Tarehe 25 Juni Bunge likaupitisha muswada uliofanyiwa marekebisho, huku barabara za Nairobi zikiwa zimejaa vijana, na siku iliyofuata Rais Ruto akatangaza kwamba hatausaini. Kwa hiyo sentensi "serikali inataka kutoza mkate kodi" ilikuwa kweli Mei, ikawa imepitwa na wakati ilipofika Juni 20, na anayeituma leo anatuma historia.

Au chukua Sheria ya Fedha ya 2023, ileile yenye asilimia 15. Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufaa iliitangaza kuwa kinyume cha katiba. Watu wakashangilia, wakapiga picha vichwa vya habari. Tarehe 29 Oktoba mwaka huo Mahakama ya Juu ikaipindua hukumu hiyo. Picha za Julai bado zimo kwenye simu za watu, na kila moja ni ya kweli. Hakuna aliyezighushi. Ndiyo maana ukaguzi wa picha peke yake hautoshi.

Kwa Tanzania, jifunze kutofautisha sheria na kanuni. Bunge lilipitisha mpaka wa chini na wa juu wa tozo. Madaraja yenyewe yakawekwa na kanuni za waziri. Kwa sababu hiyo Septemba 2021 viwango viliweza kushushwa kwa asilimia 30 bila kusubiri bajeti nyingine. Mwaka 2022 kikomo kikashushwa hadi shilingi 4,000, lakini tozo ikapanuliwa hadi kwenye miamala ya benki, na kelele zikaanza upya. Tarehe 20 Septemba 2022 Mwigulu Nchemba, Waziri wa Fedha wa wakati huo, alilieleza Bunge kuhusu kufutwa kwa tozo kwenye baadhi ya miamala, ikiwemo kuhamisha pesa kati ya benki na simu, kuanzia Oktoba 1. Bajeti ya 2023 ikaondoa tozo ya kutuma na kubakiza ya kutoa. Sasa mtu akikuambia "tozo zilishafutwa", au mwingine akasema "tozo hazijawahi kufutwa", usichague upande. Uliza: ipi, na mwezi gani?

Namna ya kuipata karatasi: anza na tovuti ya Bunge la nchi husika kwa miswada na sheria, na tovuti ya mamlaka ya mapato kwa mabadiliko ya kodi. Kenya wana bahati ya kuwa na sheria na hukumu zao mtandaoni bure kupitia tovuti ya Kenya Law. Faili likiwa refu, tafuta neno ndani yake badala ya kulisoma lote. Sheria za fedha hurekebisha sheria nyingine nyingi kwa mpigo, na kifungu chako kinaweza kuwa mistari minne tu. Ukiiomba programu ya akili unde ikufupishie, sawa, lakini hakikisha umekifungua kifungu chenyewe kwa macho yako. Programu hizo hutunga namba za vifungu bila haya.

Hatua ya 4: Kipi kilitangulia?

Madai mengi kuhusu teknolojia ni madai ya sababu: kitu hiki kimeleta kile. Kipimo cha kwanza ni rahisi kuliko vyote, na bado watu hukiruka.

Mwaka 2020 ilienea kwamba minara ya 5G, mtandao wa simu wa kizazi cha tano, ndiyo iliyoleta korona. Huhitaji kuwa mhandisi wala daktari kuipima hiyo kwa mazingira yetu. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 13 Machi 2020, Tanzania tarehe 16. Safaricom ilizindua majaribio ya 5G Machi 2021. Vodacom Tanzania ilizindua 5G Septemba 2022. Ugonjwa uliingia kwanza, mtandao ukafuata baada ya mwaka na zaidi. Chanzo hakiji baada ya tokeo lake.

Kipimo hiki kinaua madai mabovu, lakini hakithibitishi mazuri. Baada ya tozo ya Julai 2021 kampuni za simu ziliripoti kushuka kwa miamala, na mawakala wengi waliiona foleni ikipungua mbele ya vibanda vyao. Mpangilio wa wakati unakubali kwamba tozo ndiyo sababu. Je, unatosha? Jiulize nini kingine kilitokea wakati uleule. Ulikuwa mwaka wa korona. Miamala pia hupanda na kushuka kwa misimu ya mavuno. Kwa hiyo tafuta ushahidi wa ziada. Je, miamala ya aina iliyotozwa ilishuka kuliko isiyotozwa? Ilipopunguzwa tozo, watu walirudi? Nchi jirani isiyo na tozo mpya ilishuka pia? Mimi naamini tozo ilichangia pakubwa, na ninaamini hivyo kwa sababu ya maswali haya, hasa hilo la kwanza. Mwenye jibu tofauti aje na takwimu za misimu tukae.

Mfano mwingine ni kodi ya mitandao ya kijamii ya Uganda: shilingi 200 kwa siku kuanzia Julai 1, 2018. Mwaka wa kwanza walilenga kukusanya shilingi bilioni 284, zikapatikana takriban bilioni 49.5. Watetezi walisema watu wamekwepa kwa kutumia VPN, yaani programu zinazoficha unachofungua mtandaoni. Wapinzani walisema watu wameacha intaneti. Ukiangalia vizuri, maelezo haya hayapingani, yanaweza kuwa kweli pamoja, na bado lipo la tatu: makadirio yenyewe yalikuwa ya ndoto. Namba moja ya kushindwa hainong'oni sababu yake. Julai 2021 kodi hiyo ikafutwa, ikaja ya asilimia 12 kwenye bando. Na sasa unajua swali la kuuliza: asilimia 12 ya nini?

Hatua ya 5: Usiruhusu swali moja libebe manne

Hoja kubwa ya kutetea tozo Tanzania ilikuwa vituo vya afya na madarasa. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, maana mjamzito anayesafiri kwa bodaboda usiku kutafuta hospitali si hadithi ya kubuni. Tatizo ni jinsi ilivyotumika: ukipinga tozo, unaambiwa hutaki mama mjamzito apate huduma.

Tenganisha. Je, lengo ni jema? Je, njia hii ndiyo inayofaa kulifikia? Je, kiwango ni sahihi? Je, wanaolipa ndio wanaopaswa kulipa? Mtu anaweza kujibu ndiyo kwa la kwanza na hapana kwa mengine matatu bila kujipinga. Anaweza kusema: vijengwe, lakini visijengwe kwa kumkata mara mbili anayemtumia bibi yake elfu ishirini, huku anayelipa kwa fedha taslimu akipita bure. Na upande wa pili pia: anayetetea anaweza kukiri kwamba kiwango cha mwanzo kilikuwa kikali na bado akashikilia kwamba wigo wa kodi lazima upanuliwe, kwa sababu walio kwenye ajira rasmi wamebebeshwa mno. Hiyo ni mijadala miwili yenye heshima. "Hutaki maendeleo" na "nyie chawa" si mjadala.

Kwenye teknolojia mchanganyiko huu hujificha chini ya zawadi. Julai na Agosti 2023 Wakenya walipanga foleni Nairobi, hadi kwenye jumba la KICC, wapigwe picha ya mboni na kampuni ya Worldcoin na kupata sarafu za kidijitali zilizokuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000. Serikali ikasimamisha shughuli hiyo tarehe 2 Agosti. Mabishano yakawa: "macho ni yao, waacheni wale." Swali la kama mtu ana haki ya kutoa taarifa zake ni halali. Lakini lilimeza maswali mengine: je, alielezwa nini kitafanyika na taarifa hizo, na je, ridhaa inayonunuliwa kwa mtu mwenye njaa ni ridhaa? Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru taarifa hizo zifutwe, na jambo moja lililoiangusha kampuni ni kutofanya tathmini ya athari za ulinzi wa data, inayotakiwa na sheria ya mwaka 2019.

Cha kushangaza, ni jiwe lilelile lililoiangusha serikali yenyewe. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilikuwa imesema utoaji wa kadi za Huduma Namba, kitambulisho kipya cha namba moja kwa huduma zote za serikali, haukuwa halali kwa sababu tathmini hiyohiyo haikufanywa. Nalitaja hili kwa sababu wengi hudhani mijadala ya data ni serikali mbaya dhidi ya kampuni nzuri, au kinyume chake.

Hatua ya 6: Iseme hoja ya mwenzako mpaka aseme "ndiyo, hiyo hasa"

Huduma Namba inafundisha pia hili. Ilipoanza mwaka 2019, waliopinga waliitwa wenye cha kuficha. Lakini miongoni mwa waliokwenda mahakamani walikuwamo watetezi wa haki za Wanubi, jamii ambayo kwa miaka mingi imesumbuka kupata vitambulisho vya kawaida. Hofu yao, ukiisikiliza, ilikuwa ya watu wanaotaka kuonekana: kama huduma zote zitapitia namba moja, na mimi karatasi za kuipatia namba hiyo nimenyimwa, si nimefungiwa milango yote kwa mpigo? Aliyejibu kwa "kama huna cha kuficha unaogopa nini" alikuwa anajibu hoja ambayo hakuna aliyeitoa pale.

Kabla ya kujibu, andika hoja ya mwenzako kwa sentensi mbili bila kejeli, umuulize kama ndivyo. Mara nyingi atakurekebisha. Marekebisho hayo ni dhahabu, yatunze.

Maslahi ya msemaji nayo yatazamwe, ila yasitumike kama rungu. Kampuni ya simu ikisema tozo inaua biashara, ina sababu ya kusema hivyo. Wakala naye, waziri naye. Kuwa na maslahi hakumfanyi mtu kuwa mwongo. Kunakuambia tu ukague wapi kwanza.

Hatua ya 7: Mjibu mjomba bila kumvunjia heshima

Nadharia yote hii hufia kwenye kundi la ukoo. Tuseme ujumbe wa asilimia 15 umetumwa na mjomba wa Mombasa, mbele ya wakwe na watoto. Ukiandika "Uncle hiyo ni fake, acha kusambaza uongo", umeshashindwa hata kama ni kweli. Sasa hatetei tena ujumbe, anatetea uso wake. Jaribu hivi:

"Shikamoo mjomba. Kweli makato yamezidi siku hizi. Hii nimeifuatilia, naona hiyo 15 wanaihesabu kwenye ada, hela yenyewe haiguswi. Kwa elfu moja inakuja kama shilingi tatu. Lakini hata mimi najiuliza kwa nini wameongeza tena."

Angalia yaliyomo. Salamu imekuja kwanza. Kero yake imekubaliwa, maana ni ya kweli. Kosa limerekebishwa kwa namba, bila neno "uongo". Na mwishoni amepewa mlango wa kuendelea kuongea. Mjomba atajibu kitu kama hiki:

"Marahaba mwanangu. Sasa tatu ni kidogo? Zidisha kwa siku, zidisha kwa watu wote wanaotuma."

Umeona? Hajakubali kushindwa, wala hukumtaka akubali. Lakini ameshahama kutoka kwenye 150 hadi kwenye 3, na hoja yake mpya ni bora kuliko ya kwanza: makato madogo yanayojirudia hujumlika. Hapo ndipo ubishi wenye maana unaanza, na unaweza hata kumkubalia. Akiwa mkali, mfuate faragha. Hadharani mwachie neno la mwisho.

Jambo moja la kujifanyia mwenyewe kabla hujabonyeza kutuma: jibu kimoyomoyo ni ushahidi gani ungekufanya ubadili msimamo. Ukikosa hata mmoja, unashangilia timu, na hilo si dhambi, lakini usilipe jina la uchambuzi.

Hatua ya 8: Upeleke ubishi unakosikilizwa

Kundi la WhatsApp halibadilishi kifungu. Kamati ya Bunge inaweza. Katiba ya Kenya, ibara ya 118, inalitaka Bunge liwezeshe wananchi kushiriki, na kila mwaka Kamati ya Fedha na Mipango huita maoni kuhusu Muswada wa Fedha, kawaida mwezi Mei. Tanzania, Kamati ya Bunge ya Bajeti huita wadau katika kipindi cha bajeti kutoa maoni kuhusu Muswada wa Sheria ya Fedha. Muda huwa mfupi, kwa hiyo fuatilia matangazo ya Bunge mapema.

Ukurasa mmoja unatosha, mradi usianze na historia ya nchi. Mstari wa kwanza taja namba ya kifungu. Kisha eleza kinamgusa nani, kwa hesabu halisi: mtu anayetuma kiasi fulani, mara kadhaa kwa mwezi, atalipa kiasi gani zaidi ya sasa. Kisha pendekeza maneno mbadala ya kifungu hicho, hata kama si mwanasheria. Wajumbe hupokea malalamiko mengi na mapendekezo machache. Kama unapendekeza kodi ipunguzwe, sema pengo lizibwe wapi, maana hilo ndilo swali la kwanza utakaloulizwa ukiitwa. Weka jina, simu na eneo unakotoka, kisha itume kabla ya siku ya mwisho, kwa anwani iliyoandikwa kwenye tangazo la mwaka huu, si ya mwaka jana.